Nimetwaa ng'ombe wa nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Samweli 12:1-5.

Samweli ni mzee wa mvi, anawaaga Israeli. Hatafuti zawadi wala sifa. Anataka wamchunguze mbele za Bwana na mbele ya mfalme: "Nimetwaa ng'ombe wa nani? Au nimetwaa punda wa nani?" Sisi wa Dodoma swali hilo tunalielewa vizuri. Mfugaji wa Bahi au Chamwino anamjua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe, kwa alama ya sikio. Akimkuta katika zizi la mtu mwingine, hata baada ya misimu mingapi, atasema huyu wangu. Samweli alisimama mahali ambapo mwenye dai lolote angeweza kunyoosha mkono, tena akaahidi kurudisha.

Nimelitafakari somo hili sambamba na habari za kitabu kimoja. Mwaka 1971 mwandishi wa Marekani, Paulette Cooper, alitoa kitabu cha uchunguzi kiitwacho The Scandal of Scientology, kuhusu dini iliyoanzishwa na L. Ron Hubbard miaka ya 1950. Katika dini hiyo mfuasi huketi ameshika vikopo viwili vya chuma vilivyounganishwa na kifaa chenye mshale, akaulizwa mambo ya ndani kabisa ya maisha yake, na huduma hiyo hulipiwa. Anavyopanda ngazi ndivyo gharama inavyopanda, na mafundisho ya ngazi za juu ni siri kwa walio chini. Cooper aliuliza kuhusu fedha hizo na siri hizo.

Akafunguliwa kesi juu ya kesi. Mwaka 1973 akashtakiwa kwa kutuma barua za vitisho vya bomu, barua ambazo hakuziandika. Katika siku zile ngumu mtu mmoja alijifanya rafiki yake wa karibu, kumbe kila analoambiwa analipeleka kwa wakubwa wa kundi. Zaburi 41:9 inamjua mtu wa namna hiyo, anayekula chakula chako kisha akakuinulia kisigino. Mashtaka yalikuja kuondolewa, lakini ukweli ulijulikana mwaka 1977, wapelelezi wa FBI walipopekua ofisi za kundi hilo na kukuta hati za njama zenyewe, pamoja na mpango wa kumfanya Cooper afungwe gerezani au apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Mke wa mwanzilishi alikuwa miongoni mwa viongozi waliotiwa hatiani mwaka 1979, kwa njama dhidi ya serikali. Baadaye kundi lilisema idara iliyohusika ilijiamulia mambo yake, nayo ikavunjwa.

Kinachonichoma ni hicho walichokifanya kwa mtu aliyeuliza. Mafundisho yao nayakataa kwa Isaya 55:1, ambapo asiye na fedha anaitwa aje anunue bila fedha na bila thamani. Lakini namna walivyolipokea swali, hiyo hata sisi inatugusa. Ni mara ngapi dada ameuliza fedha za ujenzi zimefikia wapi, akajibiwa "usiguse masihi wa Bwana"? Au mama ameuliza kwa nini chupa ya maji yenye picha ya mtumishi iuzwe, akaambiwa ana roho ya uasi? Isomeni Zaburi 105 yote, neno hilo linakotoka. Pale Mungu anawalinda Ibrahimu na Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nguvu, dhidi ya wafalme. Kuligeuza andiko hilo kuwa ngao ya mwenye nguvu dhidi ya mjane ni kulidhulumu. Samweli alikuwa nabii wa kweli na aliomba aulizwe.

Gharama ya kunyamaza tumeiona hapa jirani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo, ya watu waliokuwa wameambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Siwezi kuwataja bila kuumia.

Na kuna upande wa pili ambao siwezi kuuruka. Mtu akianzisha kanisa Nkuhungu likajaa, wiki haipiti bila kusikia kwamba ni Freemason. Nani amechunguza? Kumbukumbu la Torati 13:14 inazungumzia mji mzima unaotuhumiwa kuabudu miungu mingine, na hata hapo Mungu anaagiza kwanza kuuliza, kupeleleza na kutafuta kwa bidii kama neno hilo ni kweli. Sauti ya kusambazwa kwenye simu haijafika hapo. Cooper aliandika kwa jina lake, akakubali kuulizwa yeye pia.

Katika 2 Wakorintho 8:18-21 Paulo anabeba mchango wa watakatifu na hataki kuubeba peke yake. Anatuma pamoja na Tito ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akawalaumu. Jumuiya zetu zisome mistari hiyo wiki hii pamoja na somo la Samweli, na mhazini aje na daftari la mapato na matumizi. Lifunguliwe mezani, na atakayeuliza kwanza ajibiwe kwa upole, hata kama ni kijana wa kipaimara.