Juisi inakaa siku ngapi? Nilivyojipangia hapa Bombo

Wateja wangu wengi huuliza jambo moja: "Mwanangu, nikiiweka kwenye friji itafika Ijumaa?" Mananasi hapa wilayani Luweero, Uganda, tunayo ya kumwaga, kwa hiyo nilianza na juisi ya nanasi na pasheni. Ramadhani ilipokaribia nikaongeza tikiti maji. Jibu langu kwa kila tunda ni tofauti.

Kabla sijaandika tarehe kwenye chupa yoyote, nilinunua Kampala karatasi za kupimia asidi; namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi. Pasheni ilisoma karibu na 3, nanasi kati ya 3 na 4, tikiti likapita 5. Chini ya 4 bakteria wengi wa maradhi hushindwa kuzaliana. Lakini kushindwa kuzaliana si kufa, na hapo ndipo friji inapowapa watu imani ya bure. E. coli ya aina ya O157:H7, bakteria wa kinyesi anayeharisha damu, inaweza kubaki hai wiki kadhaa ndani ya juisi ya tufaha iliyo kwenye baridi. Palipo na joto asidi huiua upesi zaidi, baridi huihifadhi. Mwaka 1996, huko Marekani na Kanada, juisi ya tufaha isiyochemshwa iliwafanya watu zaidi ya 60 waugue na mtoto mmoja akafa.

Basi nanasi na pasheni napasha moto kwanza: nyuzi 75 kwa dakika moja, kipimajoto kikiwa ndani ya sufuria, kisha naipoza sufuria ndani ya beseni la maji. Barafu siweki. Barafu ya maji yasiyochemshwa hurudisha uchafu wote niliokwisha kuutoa.

Tikiti halina asidi ya kulilinda, na Salmonella, bakteria wa kuharisha, hustawi ndani yake likiachwa mezani. Kulichemsha nilijaribu; linanuka kama boga. Kwa hiyo tikiti nalikamua mteja akiwa amesimama, anakunywa, anakwenda.

Shemeji yangu hutengeneza mtindi na bushera, kinywaji cha nafaka iliyochachuliwa, kwa pakiti za chachu ziitwazo Yoba, zenye Lactobacillus rhamnosus, bakteria mzuri kwa tumbo. Nikamwomba pakiti, nikaitia kwenye juisi ya nanasi. Juisi ilikuwa imeshapoa kabisa, maana ukiitia ikiwa moto umeua ulichokinunua. Bakteria huyu ni mvumilivu: katika majaribio ya maabara amekaa ndani ya juisi ya nanasi iliyo kwenye baridi wiki 12, akiwa bado zaidi ya milioni moja kwa kila mililita. Mwenzake wa pakiti hiyo, Streptococcus thermophilus, asidi humshinda mapema. Mtu akitaka wote wawili, anywe mtindi.

Wiki 12 hizo sikuziandika kwenye chupa. Tarehe huwekwa kwa kumhofia bakteria mbaya, na hamira pia, ambayo asidi haiisumbui na umeme ukikatika huamka na kuichachusha juisi. Naandika siku 5, na Hajati anayeuliza habari za Ijumaa namhesabia kuanzia siku niliyopika, si siku aliyonunua.

Chupa iliyovimba naimwaga. Vijana wa bodaboda hapo stejini huniomba niwauzie hizo kwa nusu bei, ati ndizo tamu zaidi. Waende kwa wauza pombe.