Tukaenda zetu

Nimeandika na kufuta mara tatu tangu Jumanne, na sasa ni Jumamosi usiku. Nilidhani jambo hili lingetulia kama mengine yanavyotulia, maana kazi ya kliniki haimpi mtu nafasi ya kukaa na neno moja kwa muda mrefu, lakini neno hili limekaa nami jikoni, limelala nami, na kila asubuhi limeamka kabla yangu. Ni maneno mawili tu, na aliyeyasema hakuwa na hasira hata kidogo.

Jumanne ilikuwa siku ya uzito na chanjo. Mizani ilikuwa inaning'inia kwenye tawi la mwembe, ile mpya tuliyoingoja kwa muda mrefu, na akina mama walikuwa wamejaa kivulini hadi kwenye ngazi za zahanati. Bibi mmoja alikuja na mjukuu wa kike wa miezi tisa kwa ajili ya chanjo ya surua na rubela. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akafungua pindo la kanga, akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza yangu na kuilaza kwa kiganja mpaka ikanyooka. Hakunikabidhi. Aliweka kidole kwenye safu ya mwezi wa nne wa umri wa mtoto, akakiacha pale.

"Hapa ndipo tulipokuuliza, mwanangu."

"Mliniuliza nini, bibi?"

"Mama yake alikuuliza mbona shingo ya mtoto haijakaza. Ukamwambia watoto hawafanani. Tukaenda zetu."

Nukta ya uzito ya mwezi ule iko kwenye kijani, na mwandiko ni wangu; ninaijua sita yangu yenye mkia mrefu hata ningeiona kwenye daftari la mtu mwingine. Sikumbuki sura ya mama yule siku ile. Sikumbuki kumwambia. Lakini najua nilimwambia, kwa sababu ndivyo ninavyowaambia wote: watoto hawafanani, mama, usiwe na wasiwasi, uzito wake ni mzuri. Nimelisema neno hilo kwa miaka kumi na moja kama mtu anavyosema karibu, na mara nyingi huwa ni kweli.

Mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi, amefungwa vizuri, na kichwa kimelalia upande. Bibi alipomfungua na kumlaza mezani, niliona nilichopaswa kukiona miezi mitano iliyopita. Akiwa ametulia, mwili wake ulikuwa laini kama kanga iliyoloa; mlango ulipobamizwa na upepo, mgongo ulijipinda kwa nyuma kama upinde, mikono ikakaza, vidole gumba vikajificha ndani ya ngumi. Nilimshika kifuani na kumwinua taratibu, na kichwa kikabaki nyuma. Katika mwezi wa nne mtoto hutarajiwa awe anakimudu kichwa chake. Katika mwezi wa tisa wengi hukaa wenyewe na kugombania kijiko.

Bibi alinieleza yaliyobaki huku akimvalisha mtoto. Siku ya tatu baada ya kuzaliwa macho na ngozi vilikuwa vya njano kabisa, na jirani mwenye nia njema akawaambia wamwanike mtoto kwenye jua la asubuhi. Walimwanika kwa juma zima. Manjano makali ya siku za mwanzo yanahitaji taa za mwanga wa buluu hospitalini, na yanazihitaji mapema, kwa sababu ile njano ikizidi katika damu huingia kwenye ubongo na kuharibu sehemu zinazoongoza misuli, na mara nyingine usikivu pia. Tabibu wetu alimwona mtoto siku ile ile na kuandika rufaa. Anashuku mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema ukashindwa kuongoza misuli vizuri, na sababu yake huenda ni ile njano, lakini hayo yatasemwa na wakubwa wa Tanga mjini. Hakuna aliyefanya ubaya katika habari hii. Jirani alipenda kusaidia, bibi alifanya alichoambiwa, mama aliuliza swali sahihi katika mwezi sahihi, kwa mtu aliyesomea kazi hiyo.

Wiki hii mganga mfawidhi wetu, mkuu wa zahanati, amehamishwa, dada yangu ametolewa mahari, na wageni wa mkoa wamekuja kukagua madaftari na kuondoka wameridhika. Yote hayo nimeyapita kama mtu anayepita sokoni akiwa na homa.

Ninachokirudia ni kile "tukaenda zetu." Nimekisema kwa sauti nikiosha vyombo, nikijaribu kupata namna alivyokitamka. Kwanza nilidhani ni lawama iliyofunikwa kwa adabu ya wazee. Kisha nikadhani ni uchovu. Alhamisi usiku ilinijia kwamba huenda bibi alikuwa anasimulia tu kilichotokea, kwa mpangilio wake: tuliuliza, ukajibu, tukaenda zetu. Na hii ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ina maana kwamba walinisadiki. Waliinuka wakafunga mtoto mgongoni wakarudi nyumbani wakiwa wametulia. Kama ningewajibu kwa ukali, pengine mama angekwenda kuuliza kwingine.

Nimeitazama ratiba yetu upya, ingawa naijua kwa moyo. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huwaleta karibu wote. Baada ya hapo hakuna sindano mpaka mwezi wa 9. Kati yake kuna kupima uzito kila mwezi na matone ya vitamini A katika mwezi wa sita, na akina mama wengi, wenye mashamba na wagonjwa na nauli za kutafuta, huona safari ya uzito peke yake haina haraka. Basi miezi ile ile ambayo shingo hukaza, mikono hufunguka, mgongo hukaa na sikio hugeukia sauti, ndiyo miezi tunayowaona kwa uchache zaidi, na tukiwaona tunasoma kilo. Mizani haijui kama mtoto anamtazama mama yake. Binti huyu uzito wake haukuwahi kutoka kwenye kijani hadi mwezi wa saba, kwa sababu mama yake alikuwa anamnyonyesha kwa saa nzima kila mara, mtoto akipaliwa na kuanza upya, akipaliwa na kuanza upya, na hakuna aliyemuuliza kunyonyesha kunakwendaje.

Kinachonisumbua ni kwamba nilifundishwa. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021, na sisi wa huku tulipata semina baadaye. Daftari langu lipo, na nimelifungua jana. Yale maeneo matano nimeyaandika kwa wino wa buluu na kuyapigia mstari: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Chini yake nimenakili maswali ya kumuuliza mzazi: unacheza naye vipi, unazungumza naye vipi, unaonaje anavyojifunza. Maswali hayo hayahitaji kifaa wala fedha. Yanahitaji dakika mbili na mtu aliye tayari kusubiri jibu, na mama yule alikuwa ameshaniletea jibu kabla sijamuuliza.

Jana nilikwenda kwao. Nilikuwa na mhudumu wetu wa afya ngazi ya jamii, yule anayetembea na mwavuli wa bluu kiangazi na masika, na njia ilitupitisha kando ya shamba la mkonge hadi kwenye nyumba mbili za udongo zenye uwanja uliofagiliwa. Niliogopa kumwona mama. Ana miaka kumi na tisa. Alinikaribisha kwa sauti ndogo, akanitandikia mkeka, na kwa muda mrefu hakuniangalia. Baadaye ndipo mhudumu aliponieleza kwamba tangu mwezi wa sita alikuwa haji kliniki mwenyewe, kwa sababu wenzake chini ya mwembe walikuwa wanamtazama mtoto kisha wanamtazama yeye, na mmoja alimuuliza kama alikosea mila fulani. Kadi imekuwa ikiletwa na bibi, ambaye ni mnufaika wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na anajua mahudhurio ya mtoto yanaangaliwa. Yaani mtoto yule aliponea kutupotea kabisa.

Nilimwambia mama niliyokwenda kumwambia. Nilimwambia kwamba aliuliza vizuri, na kwamba mimi ndiye niliyejibu vibaya, na kwamba namwomba radhi. Hakusema kitu. Alikuwa anazungusha uzi uliochomoza kwenye ukili wa mkeka, akiuzungusha kwenye kidole na kuuachia. Kisha akasema, "Niliona, nesi. Tangu wiki ya kumi niliona." Basi.

Tukaanza kazi. Sikumwahidi kupona, kwa sababu mtindio wa ubongo hauponi, na mzazi akidanganywa leo hatarudi kesho. Nilimwambia kwamba mwili wa mtoto mchanga bado unajifunza, kwamba viungo visivyoshughulikiwa hukaza na kukunjamana na baadaye kuuma, kwamba namna ya kumbeba na kumlisha inaweza kubadilisha siku yake na ya wao wote, na kwamba mtaalamu wa fiziotherapia atawaonyesha mengi kuliko mimi. Nilimwonyesha machache ninayoyajua. Kumnyanyua akiwa amekunjwa magoti na nyonga, mikono yake ikiletwa mbele, ili mgongo usipate nafasi ya kujipinda. Kumlisha akiwa ameketi wima, kidevu kikiinamia kidogo, badala ya kumlaza na kummiminia uji. Kumlaza kwa ubavu, mikono ikutane mbele ya uso ili aione.

Kisha nikaomba kanga. Bibi alivua aliyojitanda, tukaiviringa ikawa kama mto mwembamba, tukaiweka chini ya kifua cha mtoto, naye amelala kifudifudi juu ya mkeka. Alilia. Uso uliingia kwenye mkeka, mama akataka kumwinua, nikamwomba angoje kidogo na ajilaze chini mbele yake, macho kwa macho. Hapo bibi, ambaye nadhani hakupenda kuona kilio hicho, aligeuka akachukua ungo wake na kuendelea kupepeta mchele pembeni ya mlango. Mchele uliruka na kutua, chwaa, chwaa. Kilio kikakatika. Mtoto alikunja uso kama anayekumbuka kitu, na kichwa kikainuka. Kilitetemeka, kikayumba, kikakaa. Nilihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Kikashuka.

Bibi hakuona, alikuwa na ungo wake. Mama aliona kila kitu kwa sababu pua yake ilikuwa kiganja kimoja tu kutoka kwenye pua ya mwanawe, na alicheka kicheko ambacho sikutarajia kutoka kwa msichana yule mkimya, kicheko kikubwa cha kwenda mbele na nyuma, huku akisema, "Mama, endelea! Mama, usiache kupepeta!" Bibi akapepeta mchele ambao ulikuwa safi tangu zamani. Mara ya pili tulifika tatu. Mara ya tatu alichoka, tukamwacha.

Kwa hiyo anasikia, angalau ungo anausikia, na usikivu wake nao utapimwa. Baba yake alifika tukiwa tunaondoka, amesimamisha pikipiki bila kuizima, na mkewe akamwambia azime kwanza, kuna kitu cha kuona. Sijui kama mtoto aliwapa tena sekunde zile nne. Njiani mhudumu alisema kwamba hajawahi kumsikia yule binti akimwamuru mumewe. Nilitembea kandokando ya mkonge nikiwa mwepesi, na nikashangaa kwamba mwili wangu ule ule ulikuwa mzito asubuhi.

Leo nimekwenda sokoni Muheza nikanunua mkeka wa ukili, wa saizi ya watoto wawili. Jumanne nitautandika kando ya mizani, na kila mtoto atalala pale dakika moja kabla ya kupimwa, nami nitamuuliza mama yake amefanya nini kipya tangu mwezi uliopita, na kama kuna chochote kinachomtia wasiwasi. Mwenzangu wa chanjo ameshaniambia, "Dada, watoto sabini kwa dakika moja moja ni zaidi ya saa nzima, foleni itafika barabarani." Anasema kweli, na mfawidhi mpya hata hajaripoti kazini, na sijui atauonaje mkeka huo. Nitautandika. Nimemwomba mhudumu awazungushie akina mama maji ya kunywa foleni ikirefuka.

Rufaa yao ni Jumatano. Nauli tumeipata, nusu kwa baba na nusu kwa watu ambao hawataki kutajwa. Bibi amesema atakwenda na ungo. Nilidhani anatania, lakini mama akaniambia ameshaukung'uta na kuuegemeza mlangoni, tayari.

Mvua imeanza tena huku. Mdogo wangu aliondoka na lori la machungwa jana alfajiri kuelekea Mombasa, na alisema angepiga simu akishavuka mpaka wa Horohoro. Nimempigia saa mbili, saa tatu na sasa hivi. Simu yake haipatikani.