Plagi ya Silinda ya Tatu

Juzi binti yangu kaniuliza kwa nini gari la babu yake halipigwi stata papo hapo. Nikamwonyesha taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, ile yenye alama ya waya uliojisokota: ikizima ndiyo unawasha. Akaridhika, akarudi kwenye simu yake. Mimi ndiye niliyebaki nawaza ile pikapu ya kaka.

Msimu wa baridi ilikuwa balaa. Stata inazungusha mpaka betri inachoka, injini ikishika inatetemeka gari zima, na nyuma unatoka moshi mweupe wa kuwasha macho. Ikishapata moto, imetulia, utadhani si yenyewe. Kaka alishaamua ni nozo, zile zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda. Jirani akaapa ni pampu ya mafuta.

Fundi, mzee asiyependa maneno mengi, hakugusa nozo wala pampu. Dizeli haina cheche, alisema. Hewa inabanwa kwenye silinda mpaka inapata joto la kuwasha mafuta. Chuma kikiwa baridi kinalinyonya lile joto, mafuta hayaungui, yanatoka nje kuwa moshi mweupe. Ndiyo maana kuna hita plagi, ile ambayo taa ya chungwa inaisubiri ipate moto, ambayo ncha yake inapita nyuzi 800 kwa sekunde chache. Akafungua kile kipande cha chuma kinachogawa umeme kwenye plagi zote, akabana taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, akagusa vichwa kimoja kimoja. Ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu kimya. Ya nne ikawaka.

"Mzee, hebu irudie hiyo," kaka akasema.

Akairudia kwa mita. Nzima zilisoma omu moja, kipimo cha ukinzani wa umeme, au chini yake. Ile haikusoma chochote. Imekatika ndani.

Kumbe kugundua ndiyo ilikuwa kazi rahisi. Akaagiza injini iwashwe ipate moto, akapuliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la plagi, akakaa kando. Baadaye akaingiza soketi ndefu, akavuta taratibu. Robo mzunguko. Ikalia: kwiii, mlio mwembamba uliopanda mpaka kwenye mpini. Akasimama, akairudisha ndani kidogo, akavuta tena. Kwiii. Akaweka kiganja juu ya hedi, kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda, akainamisha kichwa. Mimi nimeshika tochi, hata kuhema naogopa.

"Masizi yameibana kule chini," akasema. "Ikikatika, nusu inabaki ndani. Hapo ni kutoboa, na vumbi la chuma likidondokea juu ya pistoni, tunashusha hedi."

"Mzee, ongeza mkono tu, itatoka."

Fundi akamtazama. "Gari la nani?"

"Langu."

"Basi njoo ushike wewe."

Kaka akashika. Nikaona misuli ya mkono wake ikijikaza, mpini ukaanza kusogea, ikalia tena. Akaachia. Akajifuta viganja kwenye suruali, ingawa havikuwa na grisi.

"Tuiache," akasema.

Tukarudisha kila kitu. Plagi zile hazitegemeani, kwa hiyo tatu zilizobaki ziliendelea na kazi yao, na pikapu ikawa inawaka kwa kutetemeka kidogo. Kaka aliwahi kuuliza ile dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa ili injini iwake haraka. Fundi akakataa kabisa: hita ikiwa imepata moto, hiyo kitu inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na inaweza kuharibu injini.

Pikapu iliuzwa na plagi yake mfu ndani. Iliuzwa mchana, tena wa jua kali. Alimwambia nini mnunuzi, hilo muulizeni mwenyewe.

Mpaka leo kaka anasema fundi alikuwa mwoga, ilibaki robo moja tu itoke. Mimi nilikuwa karibu na ule mlio kuliko yeyote, na siwezi kuapa kama yalikuwa masizi yanayoachia au chuma kinachokatika. Nikimkumbusha nani alikuwa ameshika mpini mara ya mwisho, anabadilisha mada.