Jumatano yangu renji, na rivolva iliyoniumbua

Saa 11:40 alfajiri. Simu imeita kabla ya alamu. Ni mama, yuko Tanga, mimi niko Houston, Texas. Kwake ni mchana, ameshakula, ana nafasi ya kunihoji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bado uko kwenye ile kazi ya mabunduki?"

"Nasimamia tu, mama. Renji ni uwanja wa kulenga shabaha, wanaopiga ni wateja."

Sikumwambia kwamba juzi nimenunua yangu. Ruger GP100, rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya risasi 6, chuma kitupu, zaidi ya kilo moja. Nilijaza Fomu 4473, ile ya serikali kwa mnunuzi wa silaha, wakanikagua kwenye mfumo wa FBI, nikatoka nayo siku hiyohiyo, maana Texas haina siku za kusubiri. Mama angetaka kujua ya nini, na mimi mwenyewe jibu langu bado halijaiva.

Saa 1:15 asubuhi. Natoka mtaani kwangu Alief, naingia barabara kuu ya Beltway 8. Joto la Agosti hapa Houston na la Dar la Januari ni ndugu wa tumbo moja. Rivolva iko kwenye mkoba wake, haina risasi, silinda wazi.

Saa 2. Maandalizi. Nawasha feni kubwa zinazosukuma hewa kuelekea kwenye shabaha ili moshi usiturudie usoni. Watu wanadhani hatari ya kazi hii ni risasi tu. Madini ya risasi nayo yamo hewani, kwenye vumbi la sakafu, kwenye nguo. Tunapimwa damu kila baada ya miezi 6, tunanawa kwa maji baridi na sabuni maalumu, na mimi nikifika nyumbani mtoto hanigusi mpaka nibadili shati.

Saa 3. Hii ndiyo saa niliyokuwa naisubiri. Mlango haufunguliwi mpaka saa 4, njia zote tupu. Bosi wangu, mzee aliyekuwa polisi enzi ambazo polisi wengi wa Marekani walibeba rivolva, amekuja na kahawa yake kuniangalia. Karatasi ya shabaha nimeipeleka yadi 7, kama mita sita na nusu.

Nimeanza na .38 Special, risasi iliyo nyepesi kuliko .357. Rivolva ya .357 Magnum inakula zote mbili: unene wa risasi ni uleule, ila ganda la .357 limerefushwa milimita tatu na kitu, makusudi, lisiingie kwenye bunduki ya .38 likaipasua. Maana msukumo wake ndani ya mtutu unaweza kufika mara 2 ya ule wa .38.

Sita za kwanza nilivuta nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi, kwa dole gumba kila mara. Hapo triga ni nyepesi, unaigusa tu. Matundu yote yangefunikwa na kikombe cha kahawa. Nikavimba kichwa.

Kisha nikatoa maganda, nikaumbuka mara ya kwanza. Nilisukuma fimbo ya kutolea maganda taratibu, mtutu ukiwa umelala. Matano yakaanguka. La sita likateleza chini ya ile nyota inayoyasukuma, likakwama. Silinda haifungi, ganda halitoki. Nikalichokonoa kwa kucha kama mtu anayetoa kipande cha muwa kwenye jino. Mzee anacheka mpaka kahawa inamwagika.

"Mtutu juu mbinguni," akasema, "halafu ipige fimbo kofi moja. Usiibembeleze."

Na hii ndiyo silaha wanayosema haikwami.

Nikaweka .357. Safari hii sikugusa nyundo, triga ndiyo ivute kila kitu. Ni mwendo mrefu, mzito, kama kuvuta ndoo kisimani kwa kidole kimoja. Mlipuko wa kwanza niliusikia kifuani. Karatasi ikaonyesha tundu chini kushoto. La pili chini kushoto. La tatu likatoka nje ya duara kabisa.

Mzee akachukua rivolva, akanigeuzia mgongo, akajaza vyumba vingine risasi na vingine maganda matupu, akaizungusha silinda na kuifunga. "Piga."

Pa. Pa. Halafu tk. Nyundo imeangukia ganda tupu, hakuna mlipuko, lakini mtutu wangu umeinama peke yake kama mtu anayeitikia salamu.

Mchezo huo nawachezesha wateja kila wiki! Nawaambia, usiisubiri teke lake, usiisukume kabla haijakusukuma. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), nikiwa kuruta, afande alinisimamia kichwani kwa kosa hilihili na bunduki ya SMG. Miaka yote hii ya kusimama nyuma ya migongo ya watu nikidhani nimelizika.

Saa 4 hadi saa 8 mchana. Wateja wachache. Kufagia maganda, kubadili karatasi, kukumbusha watu kidole kikae nje ya triga. Nimekula wali na maharage ndani ya gari, mikono imenawiwa mara mbili.

Saa 9. Kijana wa njia ya 4 amekodi rivolva, kaishika kama bastola za kawaida, dole gumba la kushoto limenyooka mpaka ubavuni mwa silinda. Nimemsimamisha kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua. Kati ya silinda na mtutu pana mwanya mwembamba, na hapo hewa ya moto hutoka kwa kasi ya kukata ngozi. Maneno hayakumwingia. Nikaegesha kipande cha karatasi pale ubavuni, nikapiga moja. Karatasi ikachanika. Dole gumba likarudi nyuma lenyewe.

Saa 12 jioni. Dada mmoja nesi, Mkenya, mara yake ya kwanza. Alipogundua naongea Kiswahili akashusha mabega. "Aki, hii kitu itanirusha?" Nikamwambia dada, haikurushi, itakusukuma tu, nawe uiache ikusukume. Nikampa .38. Matundu yake matatu ya kwanza yalipangana kama vifungo vya shati. Sikumwambia yangu ya asubuhi.

Saa 3 usiku. Tumefunga. Mzee kanijazia tena bila kuniuliza. Ganda tupu la kwanza, mtutu ukainama. La pili, ukainama kidogo. La tatu ukatulia kimya kabisa. La nne ukainama.

"Kesho saa 3," akasema, akaondoka na kikombe chake.

Saa 3:50. Nimesugua masizi mbele ya silinda kwa mswaki wa zamani, nimeifungia sandukuni, nimebadili shati. Mama kapiga tena, safari hii kwa video. Kwake kunapambazuka, ametoka kuswali.

"Kidole hicho kimechubuka na nini?"

Triga ya rivolva mpya, mara sitini na kitu.

"Kazi, mama."

Akaniangalia kwa muda. "Haya. Umekula?"