Nilivyootesha drosera kwa mbegu, na ninavyozitunza mbegu zake

Mara ya kwanza nilizifukia. Nimekulia kwa wakulima huku Arusha, na kwetu mbegu hufunikwa udongo, basi nikazifanyia hivyo hivyo. Miezi miwili, kimya. Drosera capensis, ule mmea wa Afrika Kusini unaonasa wadudu kwa utomvu wa majani, mbegu yake ni kama unga wa tumbaku na huhitaji mwanga ili iamke. Nilikuwa nimezizika.

Mara ya pili nilizinyunyiza juu ya pitimosi ya dukani (mabaki makavu ya kuvumwani wa kinamasi, hutumika badala ya udongo) bila kuzifunika. Zikaota! Lakini baada ya wiki chache juu ya kopo pakatanda utelezi wa kijani, miche ikaoza. Niliposoma mfuko vizuri nikaona pitimosi ile imetiwa mbolea. Mimea hii asili yake ni ardhi ya majimaji isiyo na rutuba, ndiyo maana inatafuta chakula kwa wadudu. Mbolea kwake ni sumu. Maji ya bomba pia niliyaacha: ya kwetu yana floraidi na chumvichumvi, birika la chai lenyewe linashika ukoko mweupe. Nikaanza kukinga ya mvua, nikiacha kwanza paa lioshwe vumbi.

Awamu ya tatu nilitafuta pitimosi tupu, nikachanganya sehemu mbili na moja ya mchanga niliouosha mpaka maji yakatoka safi. Kopo lenye matundu chini nikaliweka ndani ya sahani ya maji, juu nikalifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, likakaa dirisha linalopata jua la asubuhi. Siku ya 19 nikaona vidoa vya kijani. Nilichukua lenzi ya kusomea ya baba: jani lisilofika hata kichwa cha pini, na tayari lina vinywele vyekundu, kila kimoja na tone lake. Nilimwita mama aje aone.

Ilichukua zaidi ya mwaka kuchanua. Maua ya waridi hufunguka moja moja kwenye kikonyo, na hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mche mmoja unatosha kukupa mbegu. Vikonyo vikikauka na kuwa vya kahawia navikata asubuhi isiyo na upepo, navigonga juu ya karatasi nyeupe.

Kwenye kuhifadhi ndiko nilikopoteza nyingi. Nilizitia kwenye mfuko wa nailoni zikiwa bado na unyevu, zikashika ukungu. Sasa nazikausha wiki nzima kivulini ndani ya bahasha ya karatasi, naandika tarehe, kisha bahasha inaingia kwenye chupa ya kioo yenye mchele uliokaangwa bila mafuta na kupoa, unaofyonza unyevu. Chupa inakaa friji, rafu ya chini, mbali na friza. Nikiitoa siifungui mpaka ipoteze ubaridi, la sivyo jasho la kioo litalowesha mbegu.

Mbegu za dionea, mmea mwingine unaonasa wadudu, ule wa Carolina huko Marekani wenye majani yanayofumba kama mdomo, mimi huzipanda mapema zikiwa mpya. Zikikaa kwenye joto hupoteza uhai haraka.

Mwezi wa tatu nilifungua bahasha iliyokaa friji miaka miwili. Nilinyunyiza nusu yake kwenye makopo matatu. Yote matatu yameota.