Siku moja na jozi tatu za hedifoni, Mbagala hadi Upanga

Kazi yangu ni kuhariri sauti: mahojiano ya redio, vipindi vya afya, simulizi za wazee. Masikio ndiyo jembe langu. Nina jozi tatu za hedifoni za masikioni, na jana nilizitumia zote. Kwa kuwa kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue zipi, nimeona niisimulie siku yenyewe.

Saa 11 alfajiri. Baada ya kuswali nabandika chai, kisha navaa zile za bluetooth zisizo na vimpira, zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba. Kwa muziki hizi ndizo za mwisho kati ya zangu, besi yote inavujia nje. Lakini saa hizi nasikiliza habari, na lazima nimsikie mwanangu akiamka. Sauti ya mtu anayezungumza inatoka safi, na zilivyo nyepesi nasahau kama nimezivaa.

Saa 12 na nusu. Daladala, Rangi Tatu kwenda Posta. Hapa navaa za bluetooth zenye vimpira na uwezo wa kupunguza kelele. Zina maikrofoni ndogo zinazonasa kelele ya nje, kisha hedifoni inatoa wimbi la sauti lililo kinyume cha ile kelele, na mawimbi hayo mawili yanauana. Mbinu hii inaiweza ngurumo isiyobadilika, kama ya injini. Konda akigonga bati na kuita "Mtongani!" bado namsikia, ila kwa mbali.

Faida yake kubwa kwangu si utulivu, ni kwamba siongezi sauti. Zamani nilikuwa nashindana na injini, napandisha mpaka mwisho, nikishuka masikio yanavuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kadiri unavyopandisha ndivyo saa zinavyopungua. Nikifika Posta navua zote mbili kabla ya kuvuka barabara. Bodaboda haipigi hodi.

Wenzangu mnaovaa ushungi, jambo hili wauzaji hawalisemi: hedifoni za kugusa kwa kidole husikia hata kitambaa. Ushungi ukijikunja kidogo, wimbo unasimama au simu inakatika. Mimi nimezima kugusa kabisa kwenye programu yake. Ukipata zenye kitufe cha kubonyeza, chukua hizo.

Saa 2 asubuhi. Ofisini, Upanga. Natoa za waya. Ukikata neno pale linapoanza, unahitaji kulisikia papo hapo, na bluetooth lazima kwanza ibane sauti, iirushe, kisha ifunguliwe upande wa pili. Kuchelewa huko ni kidogo, mtu wa kawaida huenda asikugundue mpaka aone midomo ya kwenye video haiendi na maneno. Kwa mhariri, ni silabi nzima imepotea. Waya hauna ucheleweshaji huo, wala hauhitaji chaji. Simu yangu haina tundu la hedifoni, kama zilivyo nyingi siku hizi, lakini kompyuta ya kazini bado inalo.

Nikafungua mahojiano ya mzee mmoja mvuvi wa Bagamoyo, ambayo juzi niliyapitisha nikiyasikiliza kwa zile za daladala. Sekunde ya kwanza tu, nikasikia mvumo. Mzito, wa chini, ule wa umeme, pengine friji ilikuwa karibu na kinasa sauti. Umepita chini ya maneno ya mzee mwanzo hadi mwisho, na mimi nilikuwa nimesema kazi iko safi.

Niliumia. Mzee yule anasimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kusoma maji usiku, na mimi nusura nimpeleke hewani na friji nyuma yake.

Mwanzoni nikailaumu bluetooth, halafu nikalaumu kelele za barabarani. Ila ofisini kuna kimya, kwa hiyo nikazivaa tena zile zile na kurudia kipande. Kulia, mvumo upo. Kushoto, karibu haupo. Nikavua, nikatazama vimpira: vyote saizi ya kati, kama vilivyotoka kwenye boksi. Nikaweka kikubwa kushoto. Mvumo huo, wazi kabisa.

Sikio langu la kushoto ni pana kuliko la kulia, basi. Besi inataka tundu la sikio lizibwe vizuri, na pengo dogo tu linaitoa nje yote. Miezi minane nimekuwa nikiwaambia watu kwamba jozi ile ina besi hafifu, kumbe nilikuwa naisikiliza ikivuja. Nawaomba radhi wote niliowashauri.

Saa 7 mchana. Wali maharage, na masikio yanapumzika. Saa tatu mfululizo za vimpira zinanitosha, baada ya hapo ndani kunawasha na kunatoka jasho. Huu ndio wakati wa kusafisha: brashi kavu ya mswaki laini kwenye kichujio, kimpira chenyewe kwa maji na sabuni, kikauke ndipo kirudi. Upande mmoja ukianza kufifia, angalia nta kabla ya kumwita fundi.

Saa 9 alasiri. Mtayarishaji ananipigia, napokea kwenye kompyuta. Nikiwa na bluetooth ananiambia, "Dada, unasikika kama uko ndani ya pipa." Maikrofoni ikiwashwa, zangu huhamia mfumo wa simu, wenye sauti finyu, tena maikrofoni iko mbali na mdomo. Nikachomeka waya, nikashika kile kidude cha maikrofoni kisisuguane na ushungi, akanisikia vizuri. Nikamweleza habari ya mvumo. Akanipa hadi usiku.

Saa 11 na nusu jioni. Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na mdogo wangu wa ofisini anayetaka kununua za kwake. Kijana wa duka akamwekea wimbo wenye besi ya kutikisa kifua. Nikasema, "Kaka, tuwekee kwanza mtu anayeongea." Hedifoni ikiharibu sauti ya binadamu, herufi "s" ikachoma kama sindano, hakuna wimbo utakaoiokoa. Kisha tukaweka taarabu, nikamwambia aifuate ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, peke yake huku fidla zikipanda. Kwenye jozi ya kwanza ganuni ilizama. Kwenye ya pili kila uzi ulisikika.

Jozi ya tatu boksi lake liliandikwa kwamba inazuia kelele. Tukaisogeza karibu na jenereta la duka jirani, tukawasha, tukazima, hakuna kilichobadilika. Akachukua ile ya pili, na kabla hajalipa nikahakikisha boksi lina vimpira vya saizi tatu, akavijaribu sikio moja moja.

Saa 3 usiku. Mtoto amelala. Nimerudi kwenye waya, naupunguza mvumo taratibu ili nisikate na uzito wa sauti ya mzee, maana naye ana sauti nene. Saa 4 kasoro nikamtumia mtayarishaji. Kisha nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika ndani ya mfuniko wa kikasha cha kuchajia: kushoto kikubwa, kulia cha kati.