Siku moja ndani ya kontena: rangi huja mwisho

Saa 12 asubuhi. Kontena la futi 20 ninalolipaka rangi ndani limelala milango wazi tangu jana, na nimelilaza hivyo kwa makusudi. Makontena mengi ya mizigo hupuliziwa gesi ya kuua wadudu, methili bromaidi au fosfini, na gesi hizo hazipigi hodi. Kabla ya kuingia nasoma kibati cha usalama mlangoni, kile cha mkataba wa kimataifa wa 1972. Humo mara nyingi huandikwa dawa iliyotiwa kwenye mbao za sakafu. Ndiyo maana plaiwudi ya chini, yenye unene wa milimita 28 hivi, siipigi msasa hata mteja akisisitiza vipi. Naifuta, ikikauka naifunika kwa epoksi, rangi ngumu ya kuchanganya kopo mbili.

Saa 1. Naingia, msaidizi wangu ananifungia kwa nje na kubaki palepale ameshika komeo, kwa sababu milango hii haifunguki kwa ndani. Gizani kila tundu linajitaja lenyewe. Nazungushia chaki, natoka. Matundu ya leo yako darini, na hayo ni kazi ya mchomeleaji kwanza. Wapo wanaoziba kwa puti na kupaka juu. Mvua ya kwanza huwaumbua.

Saa 2 hadi saa 6: kutu. Hapa ndipo siku yangu inapoliwa. Watu hupenda kuniambia chuma cha kontena hakihitaji rangi kwa kuwa kutu yake hujijengea ngozi ya kukilinda. Ni kweli, lakini ngozi hiyo hutaka chuma kilowe na kukauka kwa zamu. Pale ukuta unapokutana na sakafu, unyevu na chumvi hukaa tu, na chuma huliwa kama chuma kingine chochote. Kwa hiyo ni skrepa, grenda yenye brashi ya waya, kisha msasa wa mkono penye kona. Barakoa ya vumbi haivuliwi, maana baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi au kromati, zote sumu. Baada ya hapo kifyonza vumbi, kitambaa chenye kiyeyushi cha kutoa mafuta, halafu kitambaa kingine safi. Kitambaa cha pili kikitoka cheusi, tunarudia. Msaidizi hununa. Mwache anune.

Saa 6 hivi naziba kwa tepu mipira ya milango na vitundu vya hewa vilivyo juu ya kuta. Mpira uliopakwa rangi hukakamaa na kupasuka. Kitundu kilichozibwa hufanya jasho la hewa lidondoke kutoka darini juu ya mzigo.

Saa 7. Napima joto la bati na unyevu wa hewa. Bati lisipokuwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga, sifungui kopo. Leo liko juu vizuri, na kivuli kimelizuia lisichemke.

Brashi kwanza: mishono ya kuchomelea, kona, pete za kufungia mzigo. Kisha praima ya epoksi, yaani koti la kwanza, kwa rola na brashi kwenye mabonde ya bati. Wateja hupima ukuta kwa tepu iliyonyooka, wakapata kama mita za mraba 53 pamoja na dari na milango, wakanunua rangi ya hizo tu. Bati lina mikunjo. Rangi inafuata mkunjo, si tepu.

Grenda imeshatolewa nje, hakuna cheche wala sigara. Mvuke wa viyeyushi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, kwa hiyo bomba la feni isiyotoa cheche nimelilaza sakafuni mwishoni kabisa livute kutoka huko. Barakoa ya vumbi tumebadilisha. Mvuke unataka ile yenye vichujio vya kaboni. Tunaanzia mwisho tukirudi mlangoni.

Saa 10 jioni praima imekamilika. Kwa maelezo ya kopo hili, rangi nyeupe ya juu ni kesho.

Saa 11 mteja anapiga simu. "Fundi, kesho jioni napakia, sivyo?" Namwambia hapana. Rangi itakauka kwa kuiguza, lakini epoksi huhitaji karibu wiki nzima kukomaa, na harufu pia lazima iishe. Ananiuliza kama akiweka feni kubwa zaidi itawahi. Namwambia feni itaondoa mvuke, haitakomaza epoksi. Tumekubaliana wiki ijayo.